Ubatizo wa Wamormoni : sababu gani Eklezya haiukubali ?

Siku ya Mungu moja, kisha Misa ya pili, kijana mumoja alikuja kuniona katika ofisi ya parokia, hapa kwetu Kamina. Alikuja pamoja na muchumba wake, binti wa parokia yetu mwenye kuimba katika kwaya. Kijana ni mutu wa Luputa, katika njia ya gari la moshi ya kwenda Mwene-Ditu, na huko ndiko alikobatizwa na watu tunaowaita Wamormoni. Wote wawili walitaka ndoa takatifu. Katekista aliyeketi pale alinitangulia kusema : « Padri, shauri hili ni jepesi. Amezamishwa muzima katika maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mutakatifu. Tumufanyie kama tunavyowafanyia Wametodisti. » Nikamwambia : « Hapana. Huyu hatuwezi kumuhesabu kuwa amebatizwa. » Katekista akanyamaza kwa heshima, lakini niliona wazi kwamba hakusadiki. Naye kijana akauliza kwa sauti ya chini : « Basi, Padri, mimi ni mupagani ? »

Neno lile lilinichoma. Nilimujibu kwa kifupi, na vibaya. Ndiyo sababu naandika kurasa hizi, zaidi kwa ajili ya wafratri wetu ambao kesho watakaa katika ofisi kama ile na kuulizwa swali kama lile.

Kwanza, jina. Wao wenyewe hawapendi tena kuitwa Wamormoni. Mwaka 2018 mukubwa wao, Russell Nelson, aliwaomba watu wote kutumia jina zima : Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Ni adabu kumwita mutu kwa jina analolitaka, na mbele ya kijana yule nasema hivyo. Hapa nitatumia jina fupi kwa kuhurumia karatasi.

Serikali ya Zaire iliwakubali mwaka 1986. Mwaka 1987 walifungua misioni yao ya Kinshasa, na mwaka 2010 ile ya Lubumbashi. Tarehe 14 Aprili 2019, ndiyo siku yetu ya Matawi, waliweka wakfu hekalu lao la Kinshasa. Vijana wao wanatembea wawili wawili, shati nyeupe, tai, na kibao cheusi kifuani chenye kuandikwa jina ; mutoto wa miaka kumi na tisa anaitwa kwa neno lenye maana ya « Muzee », jambo ambalo mababu wetu wangelicheka. Lakini tusicheke sana. Kule Luputa walisaidia kuleta maji safi kwa mifereji kutoka chemchemi ya mbali, na wenyeji walichimba mitaro kwa mikono yao. Mutu aliyekunywa maji yale hatamusikiliza padri mwenye kuanza kwa matusi, naye ana haki.

Sasa tuingie katika shauri lenyewe. Tarehe 5 Juni 2001, Idara ya Mafundisho ya Imani kule Roma, iliyoongozwa na Kardinali Joseph Ratzinger, ilijibu swali hili : ubatizo wa kundi hilo ni wa kweli ? Jibu lilikuwa neno moja tu : hapana. Papa Yoane Paulo II aliliidhinisha. Mbele ya hapo mapadri wengi waliuhesabu kuwa wa kweli, ao walikuwa na mashaka tu. Basi wazee wetu waliofanya vingine miaka ya zamani hawakukosa. Sheria ilikuwa haijasemwa wazi.

Katekista wangu alikuwa na sababu ya kushangaa, kwa maana Eklezya si nyepesi kukataa ubatizo wa watu wa inje. Habari hii ni ya kwetu Afrika. Katika karne ya tatu Mutakatifu Sipriano, askofu wa Kartago, alitaka watu waliobatizwa na wazushi wabatizwe tena. Papa Stefano alikataa kwa nguvu. Nyuma, Mutakatifu Agostino, askofu wa Hippo, alipobishana na Wadonatisti, alifasiria vema sana kwamba ni Kristu mwenyewe anayebatiza, hata kama mukono ni wa mutu mubaya ao mwenye kukosa katika imani. Kwa hiyo leo Mumetodisti wa Kamina, aliyebatizwa kwa maji na kwa jina la Utatu, akiwa Mukatoliki hatumubatizi tena. Na tuseme pia kwamba Wamormoni wenyewe wanambatiza tena kila mutu anayeingia kwao, hata awe Mukatoliki, hata awe padri. Wao wanahesabu ubatizo wetu kuwa si kitu. Nasema hivi si kwa kulipiza, lakini ili mutu asizani kwamba Roma peke yake ndiyo iliyofunga mulango.

Basi, ikiwa maji ni maji na maneno ni maneno, ni nini kinachokosa ? Tuchukue mufano. Hapa Kamina wanaume wenye jina la Ilunga hatuwezi kuwahesabu. Ukiandika barua « Kwa Ilunga, Kamina », ukimuwazia Ilunga wa gari la moshi, na mutumishi akaipeleka kwa Ilunga wa kambi ya askari, jina ni lile lile kabisa, hata herufi haikupotea, lakini barua haikumufikia uliyemuwazia. Hivi ndivyo ilivyo hapa. Jina « Baba, Mwana na Roho Mutakatifu » ni moja. Wanaoitwa kwa jina hilo si wamoja.

Sisi tunasadiki Mungu mumoja katika Nafsi tatu, bila mwanzo, bila mwili, aliyeumba vitu vyote pasipo kitu. Joseph Smith, mwanzilishi wao, alifundisha mwaka 1843 kwamba Baba ana mwili wa nyama na mifupa, wenye kuguswa kama wa mutu. Tarehe 7 Aprili 1844, katika mahubiri yake makubwa kule Nauvoo, alisema kwamba Mungu zamani alikuwa mutu kama sisi, akapanda mpaka kuwa Mungu, na watu nao wanaweza kupanda njia ile ile. Kwa mafundisho yao Baba, Mwana na Roho ni watu watatu mbalimbali, wenye umoja wa nia tu, kama marafiki watatu wenye kusikilizana. Vilevile wanafundisha kwamba ubatizo haukuanza na Kristu, lakini Adamu alikwisha kubatizwa. Hayo si kosa dogo juu ya Utatu, kama kosa la Ario lililohukumiwa Nisea mwaka 325. Ario alipotea njia ndani ya nyumba. Hawa wanasema juu ya nyumba ingine. Kwa hiyo mwenye kubatiza, hata kwa moyo safi kabisa, hawezi kuwa na nia ya kufanya lile Eklezya inalolifanya. Nia ndiyo inayokosa, na imani inayoibeba nia.

Nilipomufasiria kijana mambo haya siku ingine, alinisikiliza vizuri, kisha akasema : « Padri, hayo ni mawazo ya watu wa Nisea. Mungu mwenyewe alisema na Joseph Smith. » Hapo alikuwa na akili. Mabishano yote yanasimama juu ya neno hilo : alisema naye ao hakusema naye ? Kwa hiyo sherti tuangalie historia.

Joseph Smith alizaliwa mwaka 1805 Vermont, katika Marekani. Alisema kwamba mwaka 1820, akiwa kijana wa miaka kumi na minne, alipata maono katika pori karibu na Palmyra. Kwamba mwaka 1823 malaika Moroni alimwonyesha mahali palipofichwa mabamba ya zahabu yenye kuandikwa. Kwamba mwaka 1827 aliyapokea, akayafasiria kwa nguvu ya Mungu. Kitabu cha Mormoni kilipigwa chapa Palmyra mwaka 1830, na tarehe 6 Aprili ya mwaka ule alianzisha Kanisa lake. Mabamba, alisema, yalirudishwa kwa malaika. Watu watatu waliandika kwamba waliyaona kwa uwezo wa Mungu, na wengine wanane kwamba waliyaona na kuyagusa. Wale watatu wote waliachana na Smith nyuma. Wawili walirudia Kanisa lake, yeye akiwa amekwisha kufa. Lakini hakuna mumoja kati yao aliyekana ushuhuda wake. Mufratri anayebishana na Mumormoni asilifiche neno hili, kwa kuwa mwenziwe analijua.

Kitabu chenyewe kinasema kwamba watu walitoka Yeruzalemu karibu miaka 600 mbele ya Kristu, wakavuka bahari, wakajenga miji mikubwa kule Amerika, wakiwa na farasi, ngano, magari ya vita na panga za chuma. Wenye kuchimba mambo ya kale wamechimba Amerika pande zote, na hawakuona muji hata mumoja wa watu hao, wala andiko la luga yao. Farasi alikuwa amekwisha kupotea kule tangu maelfu ya miaka, akarudishwa na Waspanyoli. Damu ya wenyeji wa Amerika inaonyesha kwamba mababu wao walitoka Azia, si Yudea. Mwaka 2007 hata maneno ya utangulizi wa kitabu yalipunguzwa : pahali pa kusema kwamba watu wale ndio mababu wakubwa wa wenyeji wa Amerika, sasa imeandikwa kwamba ni kati ya mababu wao. Tena katika kitabu hiki Kristu mufufuka anawahubiria watu wa Amerika mahubiri ya mulimani, karibu neno kwa neno kama Bibliya ya Kiingereza ya mwaka 1611. Ginsi gani mabamba ya karne ya tano yalinena Kiingereza cha mufalme wa karne ya kumi na saba ?

Habari ya maono ya kwanza nayo Smith aliiandika zaidi ya mara moja. Katika ile ya mwaka 1832, ya kwanza kabisa, anasema juu ya Bwana aliyemusamehe zambi. Katika ile ya mwaka 1838, wanayoisoma Wamormoni wote leo, ni watu wawili waliomutokea, Baba na Mwana. Wamormoni wanajibu kwamba mutu akisimulia jambo mara nyingi anaongeza na kupunguza. Ni kweli. Mimi nisingesimama sana juu ya hilo.

Lakini kuna jambo lingine ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko yote, na linatoka Afrika, yaani Misri. Mwaka 1835, kule Kirtland, Smith na wenzake walinunua maiti nne za Wamisri wa kale zilizokaushwa, pamoja na mafunjo yenye kuandikwa. Akasema kwamba fungu moja ni maandiko ya Abrahamu mwenyewe. Kitabu cha Abrahamu kilitolewa mwaka 1842 na leo ni Maandiko Matakatifu kwao. Wakati ule hakuna mutu kule Marekani aliyeweza kusoma maandiko ya Misri. Kisha watu walizani kwamba mafunjo yote yaliungua katika moto mukubwa wa Chicago wa mwaka 1871. Lakini vipande vilionekana katika jumba la makumbusho la Metropolitan la New York, na mwaka 1967 vilirudishwa kwa Wamormoni. Wataalamu wakavisoma. Havina jina la Abrahamu. Ni maandiko ya maziko ya kuhani mumoja wa Tebe aliyeitwa Hor, yanayoitwa « Kitabu cha Kupumua », yaliyoandikwa zaidi ya miaka elfu nyuma ya Abrahamu. Kanisa lao lenyewe, katika maandiko ya mwaka 2014, linakubali kwamba herufi za vipande vile hazipatani na maneno ya Kitabu cha Abrahamu. Wengine wao wanajibu kwamba sehemu ya kweli ilipotea, wengine kwamba mafunjo yalimuamsha Smith tu ili apate ufunuo. Lakini Smith hakusema hivyo ; alisema anafasiria. Hapa, pahali pamoja tu pa kuweza kumupima mufasiri, mufasiri ameonekana kwamba hakujua kusoma.

Na Kitabu hicho cha Abrahamu kilitugusa sisi watu weusi. Kina maneno juu ya Farao, wa ukoo wa Hamu, kwamba hakuwa na haki ya upadri. Na nyuma watu walitumia maneno yale kuwa sababu ya sheria yao. Mwaka 1852 Brigham Young, aliyemufuata Smith, alitangaza kwamba mutu mweusi hawezi kupewa upadri. Kumbe zamani za Smith mwenyewe mutu mweusi, Elijah Abel, alikuwa amekwisha kuupewa, mwaka 1836. Sheria ile ilidumu mpaka Juni 1978, siku mukubwa wao Spencer Kimball alipotangaza ufunuo wa kuiondoa. Miaka 126. Kule Ghana na Nigeria kulikuwa na watu waliosoma vitabu vyao, wakakusanyika kwa jina lao, wakangoja miaka mingi, na hakuna aliyekuja kuwabatiza mbele ya mwaka ule. Mwaka 2013 Kanisa lao liliandika kwamba linakataa mafundisho ya kusema rangi nyeusi ni alama ya laana. Ni vema. Lakini swali linabaki : manabii wanaosema na Mungu kila siku, waliwezaje kupotea miaka 126 juu ya neno kubwa kama hili ?

Stefano Kaoze, mwana wa Katanga yetu, alipewa upadri kule Baudouinville mwaka 1917, miaka 61 mbele ya ufunuo wa Kimball. Henrique, mwana wa mufalme wa Kongo, aliteuliwa kuwa askofu mwaka 1518. Ninasema hivi pasipo kujivuna sana, kwa kuwa kati ya Henrique na Kaoze kuna karne ine, na katika karne zile wakristu wakatoliki waliuza mababu wetu. Hata Papa Nikolao V, mwaka 1452, alimuruhusu mufalme wa Wareno kuwatia watu utumwani. Mumormoni akitukumbusha haya, tukubali. Tofauti ni hii : Eklezya haikusema kamwe kwamba kila neno la Papa ni ufunuo mupya.

Tunafika sasa penye muzizi. Kwa Wamormoni, kisha kufa kwa Mitume Eklezya ilipotea kabisa duniani, upadri ukaondolewa, mpaka mwaka 1829 Yoane Mubatizaji alipomurudishia Smith. Bila kupotea huko Smith hana kazi. Basi tuhesabu. Mwaka 180 wakristu wa Sili walikatwa vichwa Kartago. Mwaka 203 Perpetua na Felisita, mumoja mwenye kunyonyesha na mwingine aliyetoka kuzaa, walitupwa mbele ya wanyama katika muji ule ule. Sipriano aliuawa mwaka 258. Kwa hesabu ya Wamormoni watu hao walikufa kwa ajili ya Eklezya iliyokuwa imekwisha kupotea, na sakramenti walizopokea zilikuwa bure. Vilevile Bakanja wetu aliyekufa mwaka 1909, na Sista Anuarite aliyeuawa Isiro mwaka 1964. Kristu aliahidi kwamba milango ya kuzimu haitaishinda Eklezya (Mt. 16, 18) na kwamba atakaa nasi siku zote (Mt. 28, 20). Siku zote si siku za Mitume tu, kisha mapumziko ya miaka elfu moja na mia saba.

Kumbe, nilipomwambia kijana haya yote, niligundua kwamba si Smith aliyemushika, wala mabamba. Ni babu yake. Babu alimulea, akafa bila kubatizwa, na wale vijana wa shati nyeupe walimwambia kwamba katika hekalu mutu anaweza kubatizwa kwa pahali pa wafu wake, mumoja mumoja kwa jina. Hapa, wafratri, tusiende mbio. Padri Placide Tempels, Mufransisko, alikaa hapa Kamina, na kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu, kilichotolewa Elisabethville mwaka 1945, kinaonyesha ginsi uzima wa mutu umefungwa pamoja na uzima wa wafu wake. Wamormoni wa Utah hawakukisoma kitabu kile, lakini wamegusa pale pale.

Wanashika 1 Kor. 15, 29, pahali Paulo anaposema juu ya watu wenye kubatizwa kwa ajili ya wafu. Lakini Paulo anasema « wao », hasemi « sisi ». Hawaagizi, anatumia desturi yao ili kuwaonyesha kwamba wafu wanafufuka. Mutakatifu Yoane Krisostomo anasimulia ginsi Wamarsioni walivyofanya jambo hilo, na anawacheka. Ubatizo ni kwa mutu muzima mwenye kuweza kujibu.

Kuna shauri moja la kazi hapa. Ili wapate majina ya wafu, Wamormoni wanatafuta vitabu vya ubatizo na vya maziko dunia nzima, na kuvipiga picha. Tarehe 5 Aprili 2008 Roma iliwaandikia maaskofu wasiruhusu vitabu vya parokia vipewe chama chao cha kuandika vizazi. Basi mutu akija na telefone yake, mwenye adabu nyingi, kuomba apige picha kurasa za zamani « kwa ajili ya historia », mumupe kiti, mumupe maji, lakini kitabu kibaki katika kabati.

Lakini kumunyima mutu daftari si kumujibu juu ya babu yake. Sisi tunacho cha kumupa. Mutaguso wa pili wa Vatikano ulifundisha (Lumen Gentium, 16) kwamba wasioijua Injili bila kosa lao, wakimutafuta Mungu kwa moyo wa kweli na kufuata zamiri yao, wanaweza kupata wokovu. Tunawaombea wafu katika Misa kila siku. Na Misale ya Roma kwa majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, inawaita mwanzo wa Misa, pamoja na watakatifu, mababu wetu wenye moyo sawa. Babu hangoji mujukuu asafiri mpaka Kinshasa.

Kwa ndoa, mapadri wenzangu wachunge neno moja. Kwa kuwa ubatizo si wa kweli, hii si ndoa ya mchanganyiko ya kanuni 1124, ambayo inaombewa ruhusa. Ni kizuio cha kanuni 1086, na sherti askofu akiondoe mbele, la sivyo ndoa haifungwi hata kidogo. Barua ikiandikwa vibaya, wachumba wanaumia. Na mwenye kutoka kwa Wamormoni akitaka kuwa Mukatoliki, anapita ukatekumeni kama wengine na kubatizwa wazi, si kwa sharti « ikiwa hukubatizwa ».

Ruhusa ya wachumba wetu imefika, na binti ametoa ahadi juu ya ubatizo wa watoto. Kijana bado ni Mumormoni. Anakuja kwangu siku ya ine jioni, mara nyingine na Kitabu cha Mormoni cha Kiswahili mukononi, tunabishana mpaka umeme unapokatika. Juma lililopita, mbele ya kutoka, alisimama mulangoni akauliza Misa ya wafu inaombwa namna gani. Nikafungua daftari, akanitajia jina la babu yake, nikaliandika.